Kibanda cha vitabu vya kukodi pale Mwanga: nendeni, ila hesabuni kurasa kwanza

Nina wiki tatu sasa nakitumia kile kibanda cha vitabu vya kukodi pale Mwanga na nimeona nieleze, maana watu wengi wa Kigoma hawajui hata kama kipo. Ukitoka sokoni kama unaelekea mjini, kipo katikati ya fundi cherehani na mama anayeuza mawese kwenye madumu ya njano, hakina bango, uliza tu kwa binti wa vitabu hata watoto watakuonyesha.

Bei ni sh 1,000 kwa wiki kitabu chochote kile, unaweka na 5,000 ya dhamana, ukirudisha kitabu kizima unapewa hela yako palepale. Anaandika kwenye kaunta buku, jina lako, jina la kitabu, tarehe, unasaini. Vipo vya shule, vya dini, riwaya za Kiswahili zilizokunjika kona, halafu chini ya meza kuna maboksi ya vitabu vya Kiingereza vilivyokuja pamoja na mitumba, na humo ndo kuna mali yenyewe kama una subira ya kuchambua.

Sasa niseme kwa nini nilienda. Mimi ni mwenyekiti wa kamati ya nidhamu ya ligi yetu ndogo ya mtaani, hizi za kugombea ng'ombe mwisho wa msimu, na msimu huu tulipata kesi iliyoninyima usingizi kweli. Nusu fainali, timu inaongoza mbili bila mpaka mapumziko, kipindi cha pili wakafungwa nne, na yale magoli mtu yeyote aliyewahi kuvaa njumu anaona hapa kuna kitu. Siku tatu baadaye ikajulikana, mabeki wawili na kiungo mmoja walikula hela ya jamaa aliyekuwa amebeti. Kipa wao, kijana wa miaka 19, hela hakugusa, ila siku wanapanga alikuwepo hapo gheto, alisikia kila kitu, akanyanyuka akaenda zake na hakumwambia kocha wala mtu yeyote. Na siku ya mechi alicheza haswa, mipira mitatu minne ya wazi aliitoa yeye peke yake.

Wajumbe wengi walitaka wote wanne wafungiwe maisha, basi, wawe fundisho. Na mimi nilikuwa upande huohuo, nisifiche. Mpira huku kwetu watu wanauchukulia kwa uzito, kuna mzee alitoka Ujiji kwa mguu kuja kuiangalia ile mechi, halafu watoto wanaiuza kwa hela ya vocha, iliniuma sana.

Nikapita pale kibandani kutafuta kitabu chochote cha sheria za michezo. Binti akaniamkia, shikamoo baba, nikamweleza shida yangu, akafikiri kidogo halafu akaingia chini ya meza akatoka na kitabu cha bluu, jalada gumu, mgongo umebanduka mpaka nyuzi zinaonekana. "Baba, huyu naye alifungia wachezaji, tena wanane kwa mpigo. Alikuwa jaji Marekani." Hapo nataka mumwelewe huyu binti, hakuniuzia kitabu kilichokaa karibu na mkono wake, alisikiliza kwanza. Maduka makubwa ya vitabu niliyowahi kuingia mjini sijawahi kusikilizwa hivo.

Jaji mwenyewe anaitwa Kenesaw Mountain Landis. Jina hilo ni la mlima, baba yake alikuwa daktari wa jeshi kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, akajeruhiwa kwenye mapigano ya mlima Kennesaw kule Georgia mwaka 1864, mtoto alipozaliwa Ohio mwaka 1866 akapewa jina la mlima, ila wakaandika na n moja. Sekondari hakumaliza. Alijifunza hati mkato akawa mwandishi wa mahakamani, yule anayekaa chini ya jaji anaandika kila kinachosemwa, baadaye ndo akasoma sheria Chicago. Halafu akapata bahati ya kuwa katibu wa Waziri wa Mambo ya Nje kule Washington, Walter Gresham, na kaka zake wawili wakaja kuwa wabunge, kwahiyo mlango ulikuwa umeshafunguka kidogo. Mwaka 1905 Rais Theodore Roosevelt akamteua kuwa jaji wa mahakama ya shirikisho pale Chicago.

Na miaka miwili tu baada ya hapo akafanya jambo lililonifanya nisimame kitandani. Kampuni ya Standard Oil ya Indiana ilishtakiwa kwamba inasafirisha mafuta kwa treni kwa bei ya siri, wengine wanalipa senti 18 kwa kila ratili mia, wao wanalipa 6. Landis akamwita mahakamani John D. Rockefeller mwenyewe, tajiri mkubwa kuliko wote, na tajiri akaja akakaa kwenye kiti cha shahidi kama mtu mwingine yeyote. Agosti 1907 jaji akahesabu makosa 1,462, kila kosa akalipiga faini ya juu kabisa ya dola 20,000. Nilichukua kalamu nikazidisha mwenyewe nyuma ya bahasha na inakuja kweli, dola 29,240,000, na hiyo ni hela ya mwaka 1907. Mtu ambaye hata sekondari hakumaliza! Nikasema huyu ndo mwamuzi, hamuogopi mtu.

Kiingereza changu ni cha shule ya zamani, nasoma na kamusi pembeni, usiku mmoja kurasa kumi nikijitahidi, na siku hizo umeme ulikuwa unakatika saa mbili unarudi usiku wa manane, nikawa nasomea taa ya sola. Sura ikaisha kwenye hiyo faini, nikafunua, sura nyingine ikaanza, sikuangalia namba za kurasa.

Sura hiyo iliyofuata ndo ya wachezaji. Mwaka 1919 timu ya Chicago White Sox ilifungwa na Cincinnati Reds kwenye fainali kubwa ya besiboli, mechi tano kwa tatu, baadaye ikagundulika kuna wachezaji waliochukua hela za wacheza kamari. Mchezo ukaanza kunuka, matajiri wenye timu wakaogopa watu wataacha kuja viwanjani, Novemba 1920 wakamfuata Landis wakamwomba awe kamishna wa mchezo wote. Akakubali kwa dola 50,000 kwa mwaka, na ujaji hakuacha! Akasema basi mnikate ile 7,500 ninayolipwa na serikali, mnipe 42,500. Hilo mwanzoni nililipita haraka, siku hizi nalifikiria sana, hebu chukulia hakimu wetu hapa analipwa na serikali asubuhi na wenye timu jioni. Mbunge mmoja alipeleka hoja aondolewe, chama cha mawakili cha Marekani nacho kikamkemea mwaka 1921, na ujaji akauacha mwaka 1922.

Wachezaji wanane wakashtakiwa Chicago, saba wakasimama mahakamani, sio mbele yake yeye, na Agosti 1921 juri, wale raia wanaoamua kama mtu ana hatia, likawaachia wote saba. Watu wakashangilia. Kesho yake tu Landis akatoa tamko kwamba juri liseme litakalosema, mchezaji anayeuza mechi, au anayekaa na wanaopanga kuuza asiseme kwa timu yake, hatacheza tena. Wanane wote, maisha.

Mmoja wao anaitwa Buck Weaver. Hela hakuchukua. Alikaa kwenye vikao vyao akasikia, akanyamaza, kwenye fainali akacheza vizuri kabisa. Nikasoma hapo nikamwona kipa wetu mbele yangu.

Na mimi nikachukua hilo kama jibu. Niliandika kwenye daftari, Jumamosi nikaenda kwenye kikao nikawasomea wajumbe, nikasema mtu aliyemkalisha Rockefeller kwenye kiti aliona kwamba anayenyamaza ni sawa na anayekula, na sisi tufanye hivohivo. Wakapiga makofi. Ikapita, wote wanne maisha, barua zitoke Jumatano. Wale vijana hatukuwaita hata kuwasikiliza, tulisema ushahidi upo.

Jumatatu nikarudisha kitabu. Na hapa ndo kuna lalamiko langu. Binti ana utaratibu wa kuhesabu kurasa kitabu kikirudi, akafunua funua, akanyamaza, akaniambia "Baba mbona kutoka 64 inaruka 97?" Nikaangalia, kweli, kurasa 32 hazipo. Sasa pale kuna wateja wawili na mama wa mawese ananiangalia, nikaonekana kama nimechana kitabu cha watu, na binti akasema kwa adabu lakini akasema, kwamba dhamana inabidi abaki nayo kwanza. Ilinikera jamani. Mtu mzima, mwenyekiti wa nidhamu, nasimamishwa sokoni kwa kurasa. Nikamwambia mwanangu ungezihesabu wakati unanipa, sio wakati unapokea.

Akatulia akafungua kaunta buku akarudi nyuma mpaka kwa mkodishaji wa kabla yangu, akakuta ameandika yeye mwenyewe kwa penseli, kurasa zimetoka. Akainama chini ya meza akatafuta, akatoka na bahasha ya kaki, zimo humo vifungu viwili vizima vya kurasa 16 16, vilichomoka kwenye uzi vikawekwa pembeni vishonwe vikasahaulika. Aliniomba radhi mbele ya walewale waliokuwepo, akarudisha 5,000 yangu, akanipa kitabu na bahasha nikae navyo wiki nyingine bure. Sio kila mfanyabiashara anakubali kosa lake mbele ya wateja, na kwa hilo kero yangu ikaishia pale.

Usiku huo nikasoma zile kurasa, na nasema kweli kama ningeziona kabla ya Jumamosi nisingesimama kwenye kile kikao nikaongea vile.

Ile faini ya dola milioni 29 haikulipwa hata senti. Mwaka 1908 mahakama ya rufaa iliifuta, ikasema kuhesabu kila behewa kama kosa linalojitegemea sio sahihi, na mwaka 1909 kesi iliporudiwa kwa jaji mwingine kampuni ikaachiwa. Mwaka 1915 ligi mpya ya besiboli, Federal League, ilizishtaki ligi kubwa kwake kwa kuhodhi soko, kesi ikaletwa Januari na yeye akaikalia mpaka Desemba bila kutoa hukumu, pande zikachoka zikapatana nje, na matajiri wa ligi kubwa hawakumsahau kwa hilo. Vita vya kwanza vya dunia vilipokuja akasikiliza kesi ya wanachama wa IWW, chama cha wafanyakazi, washtakiwa kama mia moja kwa pamoja, kesi imechukua miezi kuanzia Aprili mpaka Agosti 1918, juri likatumia muda usiofika saa moja kuwatia wote hatiani. Watu mia, kila mtu na maneno yake, chini ya saa moja! Kiongozi wao Bill Haywood akapewa miaka 20, akakimbilia Urusi akiwa kwenye dhamana wakati rufaa inaendelea.

Halafu kuna kesi ya Victor Berger, mwanasiasa wa kisoshalisti kutoka Milwaukee aliyezaliwa Austria. Yeye na wenzake kabla kesi haijaanza waliandika kiapo kwamba huyu jaji ana chuki na watu wenye asili ya Kijerumani, tunaomba atusikilize mwingine. Landis akakataa kukaa pembeni, akaendelea, akawapiga miaka 20. Januari 1921 Mahakama ya Juu ya Marekani ikafuta hukumu ile, ikasema kilipotolewa kile kiapo jaji alipaswa kujitoa.

Nililisoma hili mara mbili na kamusi nikaweka chini. Kwenye ujaji wake kulikuwa na watu juu yake. Alipozidisha, kuna mahakama iliyosema hapana rudi nyuma, tajiri mwenye mawakili akapona, na msoshalisti aliyehukumiwa miaka 20 naye akapona. Lakini alipoenda kwenye besiboli aliwataka wenye timu wakubali kwamba anachoamua hakipelekwi mahakamani, na wao kwa hofu waliyokuwa nayo wakasaini. Kwahiyo Buck Weaver hakuwa na pa kwenda. Aliandika maombi, akaandika tena, miaka na miaka, na yanarudi kwa mtu yuleyule aliyemfungia. Landis akafa Novemba 1944 akiwa bado kamishna. Weaver akafa 1956 bado amefungiwa. Marufuku za waliokwisha kufa zilikuja kufutwa mwaka 2025. Miaka 69 yupo kaburini!

Na lipo lingine ambalo kama Mwafrika siwezi kuliruka. Karibu miaka 24 aliyokaa kamishna hakuna mchezaji mweusi hata mmoja aliyeingia ligi kubwa, na hiyo ofisi ilikuwa na nguvu ya kufungia yeyote imtakaye. Mweusi wa kwanza baada ya hapo, Jackie Robinson, aliingia uwanjani mwaka 1947, Landis ameshazikwa. Mwaka 2020 wakaliondoa jina lake kwenye tuzo ya mchezaji bora. Mimi nilikuwa nimemsimamisha mbele ya wajumbe kama mfano wa haki.

Sisemi hakufanya lolote. Mchezo ulikuwa unaoza na kuna watu walihitaji kuondolewa, wale waliokula hela walikula. Na kumwita Rockefeller kwenye kiti kulihitaji moyo, hilo bado nampa. Ila mtu anayehukumu akipenda sana kuonekana mkali, na juu yake hakuna wa kumrudisha, anayeumia ni yule mdogo aliyesimama pembeni.

Jumanne asubuhi nikaenda nyumbani kwa katibu kabla hajapeleka barua, nikamwambia shikilia. Alikasirika, akasema mwenyekiti umekula nini usiku. Nikamwonyesha zile kurasa. Tukaitisha kikao upya, safari hii tukawaita vijana wote wanne waje na wazazi au walezi. Kipa alikuja na mjomba wake, mvuvi wa Kibirizi, mikono yote ina makovu ya nyavu, alikaa kwenye kiti cha plastiki kofia mkononi hakusema kitu mpaka tulipomkaribisha. Kijana akaeleza kwamba mmoja wa wale mabeki ndo anayemlipia chumba, aliogopa akisema atalala wapi. Hatukuwa tunajua hilo. Tungejuaje, hatukuuliza.

Waliokula hela tumewafungia misimu mitano. Kipa msimu mmoja, kwa kunyamaza, na mwenyewe alikubali kwamba alikosea. Na kwenye kila barua tumeongeza mstari kwamba anayeona kaonewa apeleke rufaa kwa wazee watatu wa mtaa, ambao sio wajumbe wa kamati na hawana timu. Kuna waliosema tumelegea, wapo mpaka leo wanaosema, nawasalimia tu.

Turudi kwenye kibanda. Mazuri: bei nafuu, binti anajua alichonacho kwenye maboksi, ukimweleza shida anakutafutia, na akikosea anakubali. Mabaya: vitabu vya Kiingereza vingi vimechoka, hakuna benchi la kukaa usome kidogo kabla hujakodi, mvua ikinyesha anafunga mapema kwa sababu turubai linavuja upande wa fundi cherehani. Jumapili hafungui. Kama unatokea Gungu au Katubuka mpigie mtu aliye karibu akuangalizie kabla hujapanda bajaji. Na sharti langu kwenu, kabla hujasaini kaunta buku fungua kitabu hesabu kurasa mbele yake, hakasiriki, siku hizi anakwambia mwenyewe baba hesabu.

Kile cha bluu nilikipeleka kwa fundi viatu, akakishona kwa ule uzi wake wenye nta, sh 2,000 nimelipa mimi na nimekataa binti asinirudishie. Kipo boksi la pili kutoka ukutani. Kurasa 65 mpaka 96 zimo, nimezihesabu.